Muvi Zisizo na Matanga

Mpaka leo mtu akigonga mlango wa mabati kwa funguo badala ya mkono, moyo wangu hushtuka kabla sijajua ni nani. Yeye alikuwa akigonga hivyo: mara mbili, kimya kidogo, halafu mara moja. Kwa miaka sita tulitenganishwa na ukuta wa mbao katika jengo moja huko Oyugis, nyuma ya soko, yeye na studio yake, mimi na duka langu la muvi. Miaka mitatu ya mwisho, kila nilipousikia mlio ule nilijua amekuja kuniuliza lile swali. Kumbe alikuwa amekuja kuomba kiberiti, au kuniambia maji yamerudi.

Watu walimwita Japicha, yaani mtu wa picha, na hata waliowahi kulijua jina lake walikuwa wamelisahau kwa kutolitumia. Alipiga video za mazishi. Alipiga harusi pia, na harambee, na kuna siku alipiga ng'ombe wa mahari wakiingia bomani kwa sababu pande mbili hazikuaminiana, lakini mazishi ndiyo yaliyokuwa kazi yake hasa. Kwetu mtu akizikwa, hakosekani mtoto aliyekosa nauli huko Nairobi, au dada aliye ng'ambo, au shemeji aliyelazwa hospitalini wiki ileile. Wote hao wanataka kuona nani alikuja, nani alisema nini, na kama yule ndugu waliyekosana naye alilia. Japicha aliwapelekea yote bila kukata hata kidogo. Mazishi yakichukua saa saba, video ilikuwa ya saa saba, pamoja na foleni ya chakula.

Mimi niliuza kitu kingine. Mteja alileta flashi, nikamjazia muvi. Jumatatu asubuhi, kabla hata sijafagia, nilikuwa nimeshasoma kwenye simu muvi gani imeongoza mwisho wa wiki huko majuu na ipi imeanguka, nikaandika tatu za kwanza kwa chaki kwenye ubao wa nje. Nilikosa raha zikichelewa kunifikia. Jinsi zilivyonifikia tusiulizane.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiangalia nyuma. Kwa hiyo ni afadhali nianze na kosa langu, maana bila hilo hutaelewa kwa nini siwezi kumsimulia mzee huyu kwa utulivu kama wengine wanavyowasimulia majirani zao.

Japicha aliweka kila mazishi kwenye diski yake, na kila diski kwenye soksi. Soksi za watoto wa shule, zilizopoteza wenzake, alizonunua kwa mafungu kwenye mitumba. Alisema vumbi la Oyugis haliogopi kitu kingine. Kila soksi aliibandika karatasi yenye jina la boma, akazipanga kwenye rafu iliyokuwa upande wake wa ukuta wetu.

Ijumaa moja muvi fulani ilitoka majuu, ile iliyozungumziwa na kila mtu kuanzia wenye bodaboda hadi walimu, na Jumamosi mchana ikanifikia. Ilikuwa kubwa. Diski yangu ilijaa, na watu walikuwa wamesimama mlangoni na flashi zao, wengine wakinitishia kwenda kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Japicha alikuwa amekwenda kazini upande wa Kendu Bay, ameniachia ufunguo kama kawaida. Nikaingia kwake, nikachukua soksi ya kijani iliyoandikwa boma moja la Migori, nikafungua diski, nikafuta kilichokuwemo, nikaweka muvi. Jioni niliirudisha kwenye soksi yake, nikiwa na nia ya kuitoa ile muvi wiki ijayo na kumwambia anipe nakala nyingine ya mazishi hayo niirudishie pale.

Nilidhani ana nakala. Kwangu kila kitu kilikuwa nakala.

Siku tatu baadaye nilimsikia akimweleza mteja desturi yake, ambayo kwa miaka yote tuliyokaa sikuwahi kuiuliza. Hakuifungua video ya mazishi wala kutoa nakala mpaka wenyewe waje. Wenye matanga, alisema, wana mambo yao ya kumaliza kwanza. Wanyoe nywele, wageni wa mbali waondoke, maneno ya nyumbani yaishe. Mtu wa nje hana ruhusa ya kumtembeza marehemu kwenye mashine kabla ya hapo. Wakija, anaketi nao, wanaitazama yote kwa mara ya kwanza pamoja, ndipo anatoa nakala za watu wote.

"Kabla wakuje iko moja tu," alisema upande wa pili wa ukuta. "Moja peke yake."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Sikuwa nimefuta video. Nilikuwa nimefuta mtu, na maneno yote yaliyosemwa juu ya kaburi lake. Tangu siku hiyo nilianza kungoja watu wa Migori waje, na hawakuja, kwa sababu, nilivyosikia baadaye, boma lile lilikuwa na ugomvi na kila upande ulikuwa ukingoja upande wa pili ukachukue. Soksi ya kijani ikakaa kwenye rafu miaka miwili. Niliitazama kila nilipoingia kwake.

Sasa naweza kueleza alikuwa mtu wa namna gani.

Hakujali muvi. Simaanishi kwamba alizichukia, kwa sababu mtu anayechukia kitu hukizungumzia. Alipita mbele ya ubao wangu kila asubuhi, akausoma kama anavyosoma tangazo la ng'ombe aliyepotea wa mtu asiyemjua, akaingia ndani. Vijana walipenda kumchokoza, wakimwita Jaduong', yaani mzee.

"Jaduong', umeona hii imeangusha wote wiki hii?"

"Imeangusha nani?"

"Zile zingine."

"Wameumia?"

Wakacheka, naye akacheka pia, lakini nilivyomjua alikuwa ameuliza kweli.

Mara moja tu nilifaulu kumketisha dukani kwangu. Ilikuwa mvua kubwa, hana pa kwenda, nami nilikuwa naonyesha muvi ya mapigano kwenye televisheni ya dukani. Alitazama kwa makini, mikono magotini, kama alivyotazama kila kitu. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Baada ya dakika ishirini akanigeukia.

"Nyar muvi," akasema. Ndivyo alivyoniita, binti wa muvi. "Huyu wa shati nyeupe amekufa. Ako na watu?"

"Sijui. Hawasemi."

"Na yule wa kwa ngazi?"

"Hao ni maadui tu, Jaduong'."

"Wamekufa kumi na mbili na hakuna hata mmoja amezikwa. Kamera inaruka juu yao inaenda. Huyo mpiga picha ako na haraka gani?"

Mvua ilipopungua akatoka. Hakusema ni mbaya. Alisema tu kwamba ana viatu vya kusafisha.

Viatu vyake vilikuwa na habari yake. Alifanya kazi kwenye matope, kando ya makaburi mapya, na hakuna mtu aliyewahi kumwona na kiatu kichafu. Alibeba brashi kwenye mfuko wa kamera. Alisema watu walio ng'ambo hawataviona viatu vyake, lakini waliofiwa wanaviona.

Masikio yake ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Alivaa hedifoni kubwa nyeusi, upande mmoja umefungwa kwa plasta, na chochote kilichopita ndani yake hakikutoka tena. Mtu mzima ambaye hakuweza kutaja mwigizaji hata mmoja wa dunia hii aliweza kukusomea hotuba ya mjane wa Kosele aliyemzika mumewe miaka minane nyuma, pale alipokosea, pale alipopenga kamasi, pale mbuzi alipolia katikati ya neno. Hakufanya hivyo kuchekesha watu. Mteja akiuliza, "Hivi mjomba alisema nini siku ile?" yeye hufumba macho na kumwambia, kwa sauti ya yule mjomba, na wateja wengine walilazimika kutoka nje kidogo wakajikaze.

Alikuwa na kanuni mbili na hakuzivunja kwa mtu yeyote. Ya kwanza, kila anayesimama mbele ya kamera lazima aseme jina lake na ni mtoto wa nani kabla ya neno lingine, awe mbunge au mlevi wa kijiji. Alisema kuna mtoto hajazaliwa ambaye atatazama na kuuliza, huyu ni nani? Ya pili, hamkatizi mtu. Hata mzungumzaji awe amelewa, hata mchungaji amtolee macho, Japicha alisimama na kamera yake mpaka mtu amalize mwenyewe na aketi.

Lakini jambo lililomletea maadui ni kwamba hakukubali kurudia. Kwenye harusi moja ya watu wakubwa hapo mjini, betri iliisha wakati bibi harusi anaingia langoni. Alipobadilisha, msichana alikuwa ameshafika kwenye hema. Mama yake akamwambia warudi nje waingie tena, wapambe wote, kwaya yote.

"Ameshaingia, mama," alisema Japicha.

"Nakwambia atatoka aingie tena."

"Akitoka aingie, hiyo ni ya pili. Mimi nilikosa ya kwanza. Nitasema nilikosa."

Na kweli kwenye video yenyewe kuna giza la dakika nne na sauti yake ikisema hapa mpiga picha alikosa. Mama yule hajamsalimia hadi leo. Vijana waliopiga video kwa drone, kamera ya kuruka, waliposikia kisa hicho walicheka wiki nzima, kwa sababu wao huweza kumwingiza bibi harusi mara sita na muziki juu yake. Nilimwuliza kwa nini asingerudia tu, nani angejua. Alisema mtu akirudia kuingia anakuwa anaigiza kuingia, na watu wa kuigiza nilikuwa nao mimi kwangu wa kutosha.

Usidhani alikuwa mtu wa msimamo katika kila kitu. Aliyeshikilia kweli namna hiyo alipenda utabiri wa hali ya hewa kuliko kitu chochote kwenye televisheni, akautazama kila siku saa ya taarifa, akaapa kwamba wale watu ni waongo, na kesho yake akarudi kuutazama. Yeye aliyeshika nyuso za wilaya nzima hakukubali kupigwa picha. Kitambulisho chake tu ndicho kilichokuwa na uso wake. Na kama radi ilipiga aliingia chini ya meza, mzee mzima, akaniambia kupitia ukuta nizime kompyuta.

Nilimpenda. Nilisema naandika bila utulivu, basi na hilo nalo niliseme. Nilimpenda na nilimwogopa kwa wakati mmoja, na kila kizuri nilichokigundua kwake kiliniongezea hofu, kwa sababu kilinionyesha uzito wa nilichofanya.

Halafu mwanamke wa Kehancha akaja.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko. Alisimama mlangoni kwangu, amevaa buti za mpira, mkoba wa kitenge begani, mtu wa makamo mwenye sura ya kuchoka na adabu nyingi. Alikuwa Mkuria wa Kehancha kwa mama na Mjaluo kama sisi kwa baba, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili.

"Natafuta mzee wa video," alisema. "Ule alipiga matanga ya baba yangu huko Migori."

Nilijua kabla hajamaliza.

"Ametoka kidogo. Kuna shida?"

"Shida iko." Akaweka mkoba chini. "Mimi baba alinizaa nje. Siku ya kumzika, baba mdogo alisimama mbele ya watu wote, akanishika mkono, akasema huyu ni mtoto wetu, apewe mahali ajenge. Nikajenga. Watoto wangu wako hapo. Sasa baba mdogo naye amekufa, na kijana yake anasema hiyo maneno haikusemwa. Anataka nibomoe. Chifu amesema kama kulikuwa na video, nilete."

"Na watu waliokuwa pale?"

"Wanaogopa kijana. Kila mtu anasema saa hiyo alikuwa kwa chakula."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilimpa kiti. Nilimwuliza kama anakunywa chai. Nilifuta vumbi kwenye kioo cha televisheni ambacho hakikuwa na vumbi. Japicha akarudi, wakasalimiana, wakaingia upande wa pili, na mimi nikakaa nimeegemea ukuta wa mbao nikasikia kila kitu. Nilisikia akisema, ndiyo, nakukumbuka, ulivaa leso ya zambarau. Nikasikia rafu ikiguswa. Nikasikia kompyuta ikiamka.

Kisha muziki wa muvi yangu ukapasuka kupitia mbao. Ngoma kubwa na tarumbeta, halafu magari, halafu bunduki. Ulilia kwa muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kuzima. Nadhani alikuwa akingoja huenda mazishi yako mbele.

Ikazimwa. Nilisikia mwanamke akiuliza kitu kwa sauti ndogo, na Japicha akamjibu, "Rudi nyumbani, mama. Nitakuja Jumamosi. Waambie watu wote waliokuwa siku ile wakae."

Japicha alipotoka alipita mlangoni kwangu. Nilisimama. Alitazama ubao wangu, muvi tatu kwa chaki, akausoma wote kutoka juu hadi chini, akaenda zake.

Alifunga studio siku tano. Alirudi na viatu vyenye udongo mwekundu, na hakuvisafisha siku hiyo. Alinisalimia vizuri. Aligonga kwa funguo, akaomba kiberiti. Sikuuliza Migori kumekuwaje, kwa sababu kuuliza kungekuwa ni kusema, nami nilijiambia nitasema kesho. Nilijiambia hivyo miezi mingi.

Kazi zake zikaanza kupungua. Mtu akifa Kabondo, walimwita kijana wa drone. Mtu akifa Ringa, vilevile. Nilijifariji kwamba ni mambo ya kisasa, watu wanapenda picha ya kutoka angani. Hata mteja mmoja aliponiambia, akingoja flashi yake, kwamba "yule mzee siku hizi anafuta watu, ni yeye mwenyewe alisema huko Migori," nilimrudishia flashi nikamwambia karibu tena. Sijawahi kujichukia kama siku ile, na bado nilikwenda nyumbani nikapika.

Mwishowe miguu yake ikavimba, ugonjwa wa sukari, na binti yake akamchukua kukaa naye Homa Bay. Walipakia studio yote kwenye pikapu moja. Mimi nilibaki na ukuta wa mbao. Biashara yangu nayo ilikufa polepole, watu sasa wanatazama kila kitu kwenye simu zao, na siku hizi nauza vifuniko vya simu na chaja. Ubao bado uko nje. Sijui wiki hii muvi gani imeongoza, na nilishangaa kugundua kwamba hata sitaki kujua.

Nilikwenda Homa Bay mwezi uliopita. Nilibeba mkate, majani ya chai na sukari kilo mbili, na nilikumbuka nikiwa mlangoni kabisa kwamba mgonjwa wa sukari haletewi sukari. Binti yake aliipokea bila neno. Aliniketisha kwenye veranda inayotazama ziwa kwa mbali, juu ya mapaa, akasema anakwenda sokoni na kwamba baba yake ameamka vizuri leo.

Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, blanketi miguuni, redio ndogo ikisema mvua itanyesha nyanda za juu. Amekonda. Alinitazama, akazima redio.

"Nyar muvi. Wiki hii nani ameongoza?"

Miaka sita hakuwahi kuniuliza hivyo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Oyugis, yote yakapotea.

"Jaduong', ni mimi nilifuta. Ile ya Migori. Ni mimi."

"Najua," alisema. "Nani mwingine angetoa mtu aweke bunduki?"

Nililia. Aliningoja. Nilipomaliza nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Maneno ilikuwa yako. Mimi sikatizi mtu."

Ndipo akanisimulia. Jumamosi ile alifika Migori akakuta wamekuja kama thelathini. Aliwapanga walivyokuwa wameketi siku ya mazishi, wazee upande wa kaburi, kwaya nyuma, wanawake wa nyumba karibu na mlango. Akawaomba kila mmoja asimame arudie alichosema. Waliokuwa wakidai walikuwa kwa chakula, aliwakumbusha maneno yao wenyewe, neno kwa neno, mbele ya wenzao, mpaka wakaona haya wakasema.

"Nilifanya muvi," alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. "Niliwapanga kama wale watu wako. Wewe hapa, wewe simama, wewe lia. Miaka yote hiyo nakataa, na nikaifanya."

"Na baba mdogo? Si alikuwa amekufa?"

Alivuta blanketi.

"Kiti yake ilikuwa hapo. Hakuna mtu alitaka kukaa. Nikaweka kamera kwa stendi, nikakaa mimi."

Aliketi mbele ya kamera, yeye asiyetaka hata kupigwa ya pasipoti. Alisema jina lake na la baba yake. Akasema video ilifutika mikononi mwake, na kosa ni lake. Kisha akamwita yule mwanamke, akamshika mkono, na kusema maneno ya marehemu kama alivyoyasikia kwenye hedifoni. Kijana alisimama kupinga, kwamba mzee wa Oyugis anatunga. Mama yake, mjane wa baba mdogo, ndiye aliyemwambia aketi. Alisema hiyo ni sauti ya mume wangu, na hata pale alipokohoa, huyu amekohoa.

"Huyo mjane akasema mtoto wao akae pale amejenga. Chifu akaandika. Yule mama wa Kehancha ananitumia unga ya wimbi kila msimu mpaka leo."

"Lakini ulisema ni wewe. Watu wakaacha kukuita."

"Rafu ilikuwa yangu."

"Mkono ulikuwa wangu."

"Hiyo sikuwa na ruhusa ya kusema," alisema. "Ingia ndani, chini ya kitanda, kuna katoni. Leta soksi ya kijani."

Niliileta. Ilikuwa imefuliwa. Alitoa diski, akaishika kwenye kiganja, akanipa.

"Iko bado. Muvi yako. Mimi sifuti. Nilifikiri siku moja utaiulizia."

Sikuweza kuipokea. Akaiweka magotini mwangu.

"Mimi niliona mwanzo tu, siku ile, nikitafuta matanga," alisema. "Iliisha aje?"

Alikuwa anauliza kweli, kama alivyouliza juu ya yule wa shati nyeupe. Nilijaribu. Nilikumbuka daraja. Nilikumbuka mtu anakimbia, na nadhani kulikuwa na mwanamke ndani ya gari, au ile ilikuwa nyingine. Niliijaza kwenye flashi za nusu ya mji, niliitazama mara mbili au tatu.

"Sikumbuki, Jaduong'."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mos," akasema. Pole. Alilisema kwa upole, kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa, na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Nilimwuliza kamera iko wapi. Ilikuwa ndani, nyuma ya mlango, na binti yake huichaji kila Jumapili kwa amri yake ingawa hakuna mtu anayeitumia. Niliiweka kwenye stendi pale veranda, nikaigeuza itazame kiti changu. Nilimwambia video hii nitaipeleka Migori kwanza, kwenye boma lile, halafu nitaiweka kwenye televisheni ya dukani kwangu, ile ya kuonyeshea muvi, icheze siku ya soko mchana kutwa mpaka kila mtu Oyugis ajue nani alifuta. Nikaketi, na yeye mwenyewe akainuka na miguu yake ile kubonyeza kitufe. Akavaa hedifoni.

"Ni mimi niliyefuta," nikaanza. "Huyu mzee hana—"

Aliinua kidole. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akimkatiza mtu.

"Jina kwanza. Na mtoto wa nani. Halafu songa kushoto, jua liko nyuma yako, hawataona uso."

Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka. Nikasogea kushoto, nikasema jina langu, na la baba yangu.